Pua Yangu, Jina la Hana

Tangu wiki jana nimepigiwa simu na watu nisiowajua. Wote wananiuliza swali moja: hivi kweli mtu mwenye akili timamu anaweza kukaa kwenye kiti, akaingizwa kijiti puani mpaka machozi yakamtoka, halafu akaulizwa jina akataja la mwenzake?

Kweli. Mtu huyo ni mimi, Theresia. Endeleeni kunicheka, ila mimi mwenyewe leo sicheki.

Kwa ambaye hakuwepo wiki jana, nafupisha. Ilikuwa Julai 2021, wimbi la tatu, na kirusi kipya kilikuwa kinatajwa redioni kutwa. Chuo kikuu nilichokuwa nasoma hapa Singida Mjini kikatangaza upimaji wa Uviko kwa wafanyakazi na wanafunzi. Kwa hiari kabisa, tangazo likasema. Ila asiye na cheti cha kupima hatoki getini. Hiari ya lazima, mnaijua.

Hana, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, alikuwa na sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi kwao Kinampanda. Na alikuwa na mafua. Aliogopa wakimkuta na Uviko watamfungia ndani, mashangazi wamevaa sare na yeye hayupo. Akaniomba nimpimie.

Msishangae sana. Chuoni kwetu kusainiana ilikuwa kama kuazimana chumvi. Muhula mzima uliopita nilikuwa kijijini Mtinko namuuguza mama yangu, presha na sukari kwa pamoja, na Hana ndiye aliyenisainia mahudhurio ya kila kipindi. Bila yeye nisingefanya mtihani hata mmoja. Sasa ningemwambiaje hapana? Kadi yake ina picha, sawa, lakini uso una barakoa. Nani ajue pua ni ya nani?

Jumanne nikapimwa kama Hana. Kwa jina langu sikupima, maana muuguzi ni yuleyule na siku ileile angenikumbuka.

Wiki jana niliwaacha Jumatano saa nne asubuhi, simu ya Hana imelia, naye amesoma meseji mara mbili.

"Imesemaje?" nikamuuliza. Nilikuwa namenya kitunguu.

Akanirushia simu kitandani. Iliandikwa: *Hana, umekutwa na maambukizi ya Uviko-19. Usitoke chumbani. Utafuatwa.*

Jamani, nilicheka. Nikamwambia, "Si nilikwambia hayo mafua yako siyo ya..."

Nikakomea hapo.

Hana akarudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa kabati. Akaivuta khanga yake akaziba mdomo.

"Tere," akasema, "ile pua ilikuwa yako."

Nikakitazama kitunguu mkononi. Nikakisogeza puani, nikavuta. Hakuna kitu. Nikakiuma, nikatafuna, nikameza. Ilikuwa kama natafuna karatasi.

"Sendofu yangu!" Hana akalia. "Mungu wangu, sendofu yangu!"

Mimi niliwaza mtu mmoja tu. Mama.

Ijumaa iliyokuwa imepita nilikuwa Mtinko kumsaidia kupiga alizeti, nikarudi Jumapili. Siku tatu tumekula sahani moja. Baridi ya Julai mnaijua, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Tumelala kitanda kimoja, blanketi moja, nimemkumbatia mgongoni kama zamani nilipokuwa mtoto.

Mtasema nilimpigia simu palepale. Sikumpigia. Nilikunja miguu kitandani nikaziba masikio, na Hana akatoka mbio.

Alirudi baada ya saa moja, anacheza.

"Imeisha hiyo!" akasema kutoka mlangoni, hakuingia. "Nimemlilia yule muuguzi, Sista Severina, anirudie kipimo. Kanipima kile cha haraka, cha dakika ishirini. Sina! Kasema cha kwanza kitakuwa kilikosea. Cheti cha geti hiki hapa."

"Hakikukosea, Hana."

"Kimekosea, ndivyo alivyoandika. Wewe kunywa tangawizi, tulia. Si mzima tu?"

"Na Mama?"

"Kakwambia anaumwa?"

"Hapana."

"Basi usimwite shetani, atakuja."

Alikuja kesho yake. Alhamisi saa kumi jioni kaka yangu Alute akapiga.

"Mama anakohoa tangu jana," akasema. "Usishtuke, ni vumbi la alizeti. Tumemfukiza nyungu mara mbili."

"Nyungu? Mwenye presha unamfunika blanketi juu ya mvuke?"

"Umeanza. Huko unasomea ualimu au udaktari?"

"Nipe niongee naye."

Nikasikia simu inapokelewa. Kwanza pumzi tu. Halafu, "Tere... mwanangu... umekula?"

Maneno matatu, kapumzika mara mbili. Na yeye ndiye ananiuliza mimi kama nimekula.

"Nimekula, Mama. Shikamoo."

"Mara... haba."

Nikamwomba Alute amlete mjini siku ileile. Akaguna.

"Nimeshauliza. Zahanati hawana mashine ya hewa. Mjini wameniambia mitungi imebaki kwenye kituo cha wagonjwa wa Uviko peke yake, na huko hupokelewi kama huna Uviko. Sasa Mama aupate wapi? Tangu Pasaka hajatoka nje ya boma."

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo.

"Kaka..."

"Nini?"

"Hamna. Nitapiga baadaye."

Nitukaneni. Nilistahili.

Ijumaa kabla ya saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Sista Severina na mpango nilioupika usiku kucha. Napima kwa jina langu, nakutwa nayo, nasema nilikuwa kwa Mama, gari linamfuata. Hakuna haja ya kutaja Jumanne. Hana anacheza sendofu yake, mimi nakaa ndani wiki mbili, Mama anapata hewa. Mpango mzuri, au siyo?

Sista Severina alikuwa mama mtu mzima, mnene, miwani kwenye kamba shingoni, na hakuwa na mchezo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Sisikii harufu. Naomba unipime sasa hivi, kile cha haraka."

Alinitazama, akavaa glovu, akachana pakiti. Kijiti kikaingia. Mara hii nikataja jina langu kwa sauti mpaka akaniambia yeye siyo kiziwi.

Dakika ishirini. Nilizihesabu zote kwenye saa ya ukutani.

"Huna," akasema.

"Sina nini?"

"Huna Uviko. Nenda darasani."

"Haiwezekani! Rudia, Sista! Angalia vizuri!" Nikaanza kulia kwa sauti.

Akashusha miwani. "Nimepima watu mia nne tangu Jumatatu. Wewe ndiye wa kwanza kulia kwa kuambiwa ni mzima. Kaa chini. Una nini?"

"Mama yangu hawezi kupumua."

"Mama yako na kipimo chako wapi na wapi?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia kusainiana mpaka blanketi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Kwa hiyo sampuli ya Jumanne ni yako."

"Ndiyo."

"Kwa jina la Hana."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi nikaandika kwamba kipimo kilikosea." Akaitupa kalamu mezani. "Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umemficha mpaka na mwenye maradhi! Hiki cha leo hakikuoni kwa sababu siku zimepita, kirusi kimepungua puani kwako. Kwa mama yako ndiyo kwanza kinapamba moto."

"Basi twende tukampime yeye!" nikasema. "Chukua kipimo twende, Sista, nakuomba."

Alilichukua boksi lililokuwa mezani akaligeuza juu chini mbele yangu. Hakikudondoka kitu.

"Nilichokupimia wewe ndicho kilikuwa cha mwisho," akasema. "Vingine vinaletwa Jumatatu."

Sijui nilipiga kelele gani, ila mhudumu alikuja kuchungulia.

Sista akachukua simu yangu akampigia Alute, akamwambia amsogezee Mama, akamwomba Mama ahesabu mpaka kumi. Mama alifika nne. Sista akakata simu.

"Huyu hafiki Jumatatu."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Pale kituoni mitungi ni ya kuhesabu, na vipimo vya haraka navyo vimewaishia. Getini wanampokea mwenye majibu ya Uviko, au aliyelala nyumba moja na mwenye majibu, na kuna fomu yake. Mwenye majibu kwenye vitabu ni Hana, na Hana hajawahi kukanyaga Mtinko. Fomu inaweza kuandikwa kwamba mwenye majibu yale ni mimi, lakini ni lazima nieleze kwa mkono wangu nilivyofanya, nisaini, naye agonge muhuri. Nakala inakwenda kwa mkuu wa chuo.

"Nikisaini watanifanya nini?"

"Watawafukuza. Wewe na Hana. Kupima kwa jina la mtu hakuna onyo la kwanza, tangazo lilisema."

"Naomba dakika tano."

Hana alikuwa bwenini anakunja nguo. Gauni la sendofu lilikuwa limetandikwa kitandani, la rangi ya zambarau. Nilipomwambia alikaa juu yake bila kujua.

"Hapana, Tere. Hapana mwaya. Nimebakiza mitihani mitatu. Mitatu tu!"

"Mama anakufa, Hana."

"Utafute njia nyingine!"

"Nimetafuta."

Akapiga magoti, akanishika miguu. Halafu alipoona sigeuki, akainuka na sauti ikabadilika.

"Muhula mzima nilikusainia. Muhula mzima! Nilikuwa nakwenda kipindi mara mbili, mara Hana, mara Theresia. Kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mama huyohuyo?"

Alikuwa anasema kweli. Nilimwambia samahani nikatoka, nikasikia kiatu kinagonga mlango nyuma yangu.

Nikarudi kwa Sista nikaandika. Nikasaini. Sista akasaini, akagonga muhuri, akanipa niishike. "Nakala nitatoa tukirudi," akasema. "Sasa hivi twende."

Calist, dereva wa gari la wagonjwa la chuo, alilipeleka gari Mtinko kwa mwendo wa hasira. Nilikuwa nimeibana ile karatasi kifuani kama cheti cha ndoa.

Tulimkuta Mama uani, ameegemezwa kwenye gunia la alizeti, kinywa wazi. Midomo imebadilika rangi. Nilikwenda nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

Akainua mkono kunigusa kichwa. Marahaba haikutoka.

Sista akamchomeka kile kifaa cha kidoleni, cha kupima hewa kwenye damu. Akakisoma, akakiangalia tena. "Sabini na nane. Calist, mtungi!" Wakamfunga barakoa ya hewa. Baada ya dakika chache midomo ikaanza kurudi, macho yakatulia. Alute alikuwa amesimama pembeni, anageuzageuza kofia yake.

"Ahsante, Sista," akasema. "Lakini mmejuaje huku?"

Sista akaniangalia mimi.

"Gari la nani hili?" Mama akauliza ndani ya barakoa.

"La chuo, Mama."

"Chuo kimejuaje kama naumwa?"

Nikasema. Mara ya tatu siku ile, na ile ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwamba mimi ndiye niliyemletea. Kwamba nilijua tangu Jumatano nikanyamaza. Kwamba nilipima kwa jina la mwenzangu, na kwamba gari limekuja kwa sababu nimekubali kosa kwa maandishi.

Alute alinijia mkono juu. "Tangu Jumatano? Jana nakupigia simu, unaniambia hamna?"

Mama aliinua kidole kimoja tu. Kaka akasimama palepale.

"Watakufanya nini huko chuoni?" Mama akaniuliza.

"Watanifukuza."

Alifumba macho. Nikajua anawaza nini. Nilipopata chuo, Mama aliuza maksai wake wawili wa kulimia. Tangu mwaka ule analima kwa jembe la mkono, mjane mwenye presha, na akiulizwa anasema ng'ombe walikuwa wamezeeka.

"Nionyeshe hiyo karatasi."

Nilidhani anataka kuhakikisha kwamba safari hii sisemi uongo. Nikaitoa kifuani nikampa. Mama alisoma mpaka darasa la pili, lakini jina langu analijua. Akalitafuta kwa kidole, akalipata chini, pale nilipokuwa nimesaini.

Akaichana.

"Mama!" Sista akapiga ukelele.

Akaichana tena, na tena, mpaka ikawa vipande vya kuwasha moto. Akanisemesha kwa Kinyaturu, polepole, kwamba yeye ameshaishi, ameona wajukuu, watoto wa Alute, na kwamba mimi sitashika jembe lake. Kisha akageuka kwa Kiswahili, kwa heshima, kwa ajili ya mgeni.

"Haya, Sista. Sasa twendeni."

Na akajikokota mwenyewe mpaka kwenye gari. Alikuwa anaonekana ana furaha kabisa. Hakujua kwamba alichokichana ndiyo fomu ya kumwingiza kituoni, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia.

Njiani alilaza kichwa chake mapajani kwangu. Sista alikuwa anaangalia mshale wa mtungi, unashuka.

"Huu unatufikisha mjini," akasema kwa sauti ya chini. "Hauturudishi."

Tulifika getini kituoni saa nane mchana. Askari akaja dirishani, barakoa mbili usoni.

"Fomu, Sista."

"Imeharibika. Fungua, mgonjwa ana hali mbaya."

"Wote wana hali mbaya. Ndani umebaki mtungi mmoja, na mimi nikifungua bila fomu kesho sina kazi."

Sista alibishana naye. Alimtajia Mungu, alimtajia mama yake mzazi. Calist akashuka, naye akabishana. Askari akatikisa kichwa tu, wala hakuwa mkorofi, alikuwa mtu aliyechoka.

Ndipo Sista akafungua mkoba wake akatoa fomu nyingine, mpya, na muhuri. Akaiandika haraka haraka, akaiweka juu ya paja langu, akanipa kalamu.

"Saini, Theresia. Nitasimamia mimi."

Mama akafumbua macho. Aliiona karatasi. Akaniona mimi na kalamu.

Aliushika mkono wangu wa kulia. Sikujua mtu aliyeshindwa kuhesabu mpaka tano bado ana nguvu kiasi kile. Mkono wake wa pili ukapanda mpaka kwenye shavu, vidole vikaingia chini ya kamba ya barakoa ya hewa.

"Ukisaini," akasema, "naivua."

"Mama, ni kwa ajili yako! Bila hii hawakupokei!"

"Nimesikia."

"Mama, nakuomba!"

"Tere. Nimekwambia naivua."

Mshale wa mtungi ulikuwa umefika chini, na kifaa cha kidoleni kikaanza kulia. Sabini na tano. Sista alinitazama, akaitazama kamba ya barakoa, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya.

Askari akagonga kioo.

"Dada, amueni. Kuna gari lingine nyuma yenu, na wao wana fomu."

Itaendelea wiki ijayo.